SOMO LA WIKI: Kupasua ardhi au kuifunika? Piga hesabu ya misimu mitatu

Wafanyabiashara wanaokodi mashamba ya mahindi Babati na Karatu, kaskazini mwa Tanzania, hukabiliwa na swali moja kila mwaka: fedha iliyopo ilipie trekta la kupasua tabaka gumu chini ya udongo, au inunue mbegu za mbaazi na ngwara za kufunika shamba? Anayejibu kwa kutazama msimu mmoja tu anaweza kuuzika mtaji wake.

Tabaka hilo mara nyingi huletwa na jembe lenyewe. Jembe la sahani likipita kina kilekile mwaka hadi mwaka, udongo ulio chini yake hushindiliwa ukawa kama sakafu. Mvua ikinyesha, maji hutiririka badala ya kuzama. Jua likiwaka wiki mbili, mahindi hunyauka hata kama mvua ilikuwa ya kutosha.

Upande wa trekta

Jembe la kupasulia lina meno marefu yanayofika kina cha sentimita 30 hadi 45, na manufaa yake huweza kuonekana msimu uleule. Lakini kazi hiyo hufanywa udongo ukiwa mkavu, baada ya mavuno. Udongo ukiwa na unyevu, jino huchora mfereji tu na fedha imekwenda. Tena, shamba lililopasuliwa likiachwa tupu na kurudiwa na jembe la sahani, tabaka hujijenga upya baada ya misimu michache.

Upande wa mimea

Mbaazi ina mzizi mrefu, na hupandwa katikati ya mahindi bila kudai msimu wake. Ngwara hutambaa na kufunika udongo. Zote ni jamii ya kunde, hivyo huongeza nitrojeni. Kasoro yake ni kwamba mizizi hufanya kazi polepole, na ikikuta tabaka gumu mno hupinda. Pia mifugo ikiachiwa shambani baada ya mavuno, kifuniko huliwa chote.

Suala la soko nalo si dogo. Ngwara ina wateja Kenya, inakojulikana kama njahi. Mbaazi hutegemea sana India. Agosti 2017 nchi hiyo iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka na bei Tanzania ikaporomoka. Iliondoa kikomo hicho Mei 2021. Mwenye busara hahesabu mbaazi kama faida ya uhakika.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano wa kukadiria. Kupasua eka moja kunagharimu thamani ya magunia matatu ya mahindi, na mavuno yanaongezeka magunia mawili kila mwaka. Aliyekodi kwa mwaka mmoja amepata hasara ya gunia moja, na amemtengenezea shamba mwenye mali. Aliyekodi kwa miaka mitatu anapata magunia sita, na baada ya gharama anabaki na matatu. Tabaka likirudi mwaka wa tatu, faida yake inashuka hadi gunia moja.

Hapo ndipo mimea inapopata thamani yake: ni bima ya kazi ya trekta. Trekta ni gharama ya mara moja, na mbegu ni matunzo ya kila mwaka.

Kabla ya kutoa fedha, mwekezaji achimbe mashimo machache shambani kwa sururu. Mizizi ya mahindi ikiwa imepinda kwenda pembeni, tabaka lipo na trekta linahitajika. Mizizi ikishuka wima, asilipie trekta, mbegu zinatosha. Na kama mkataba wa kukodi ni wa msimu mmoja, kazi ya kwanza ni kujadiliana upya na mwenye shamba, kwa maandishi, pamoja na suala la mifugo.