Nyimbo Achague Yeye Mwenyewe

*Mama mshauri,*

*Mimi ni mama wa watoto watano, ninaishi Kashebere, pale Masisi na Walikale zinapopakana. Mtoto wangu wa pili ni wa kike, ana miaka 14. Alizaliwa kabla ya miezi kutimia na alichelewa kulia. Baadaye tuliambiwa ana utindio wa ubongo. Miguu yote miwili imekaza, na mkono wa kuume hauna nguvu. Alianza kutembea akiwa na miaka 5, kwa fimbo.*

*Alipokuwa mdogo tulimfikisha Goma, wakatuonyesha namna ya kumnyoosha. Nimefanya hivyo miaka yote. Sasa njia si salama, hatujarudi tena. Tangu mwaka jana amerefuka ghafla. Magoti yanakunjika anaposimama, na kwenda chemchemi tu kunamchosha. Nikimshika nimnyooshe, analia na kunisukuma, ananiambia yeye si mtoto mchanga. Lakini redio ikipiga muziki, au kwaya ikiwa kwenye mazoezi hapo jirani, anashika ukuta na kucheza, anacheka. Ndipo nikaanza kumfanyisha mazoezi kwa nyimbo za kwenye simu.*

*Baba yake anasema huo ni mchezo, tunapoteza wakati. Bibi yake anasema nitamvunja. Niendelee au niache? Na je, nimemharibu kwa kuacha kumpeleka Goma?*

*Mama wa Kashebere*

Mama mwenzangu, pole, na hongera pia, maana miaka 14 ya kumlea mtoto huyu mpaka akajua kukwambia "mimi si mtoto mchanga" si kazi ndogo. Nakujibu bila kuzunguka: endelea. Wala hukumharibu. Ila kuna jambo moja la kubadilisha, na binti yako amekwisha kulisema kwa kukusukuma. Mazoezi haya yalikuwa yako. Sasa yawe yake.

Kwanza tuiondoe lawama. Utindio wa ubongo hutokana na ubongo kuumia ungali unakua, iwe tumboni, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo. Kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kujifungua, manjano kali ya siku za kwanza, homa ya uti wa mgongo na malaria iliyopanda kichwani ni miongoni mwa sababu zake. Si laana, si mkono wa mtu, si dhambi ya mama. Wala huko peke yako: watafiti waliopima watoto wa Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, walitangaza mwaka 2017 kuwa karibu watoto 3 katika kila 1,000 wana hali hii.

Jeraha lile la ubongo haliongezeki. Kinachobadilika ni mwili. Mtoto akifika balehe, mifupa hurefuka upesi na misuli iliyokaza inashindwa kuifuata. Uzito unapanda, nguvu za miguu zinabaki zilezile. Ndiyo sababu magoti yanakunjika na safari ya chemchemi imekuwa ndefu. Huko si kudeka wala uvivu, na hutokea hata kwa watoto wanaoishi jirani na hospitali kubwa.

Hofu ya bibi usiidharau. Zamani hata wataalamu waliogopa kuwapa watoto hawa mazoezi ya nguvu, wakidhani yatawazidishia kukakamaa. Tafiti zimeonyesha kuwa sivyo: misuli iliyokaza mara nyingi ni dhaifu pia, na ikifanyishwa kazi kwa kiasi hupata nguvu bila kukaza zaidi. Siku hizi ushauri ni mazoezi ya nguvu mara 2 hadi 4 kwa wiki, kwa kupumzika angalau siku moja katikati, na kuendelea kwa wiki 12 hadi 16 kabla ya kuamua kama yamefaa. Mwongozo wa OMS, yaani Shirika la Afya Duniani, wa mwaka 2020 unawataja walemavu waziwazi: watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17, wakiwamo wenye ulemavu, wanahimizwa kuutumikisha mwili kwa wastani wa dakika 60 kwa siku. Binti yako asianzie huko. Dakika 20, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, zinatosha kuanza.

Sasa nizungumze na baba, anayeona muziki ni mchezo. Papa, mdundo unafanya kazi ambayo amri haiwezi. Sikio likishaushika, mwili unajua pigo linalofuata litakuja lini, na misuli inajiandaa kabla halijafika. Tangu miaka ya 1990 Michael Thaut na wenzake huko Colorado, Marekani, wamepima mwendo wa watu waliopatwa na kiharusi na wenye ugonjwa wa Parkinson wakitembea kwa kufuata mdundo, na wakaona mwendo wao ukipata mpangilio. Njia hiyo imejaribiwa kwa watoto wenye utindio pia. Nyingi za tafiti hizo ni ndogo, kwa hiyo sitakuahidi miujiza: muziki hauponyi ubongo. Unasaidia hatua zipangike, na unamrudisha kijana kwenye mkeka keshokutwa bila kuburutwa. Kwa mtoto aliyechoka kunyooshwa, hilo la pili lina uzito zaidi kuliko la kwanza.

Upande wenu wa Walikale kuunganisha mdundo na mwili si jambo geni. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, Candi Rureke alimsimulia mtafiti Daniel Biebuyck utenzi wa shujaa Mwindo kwa siku 12, akiimba, akihadithia na kucheza, wenzake wakimpigia mdundo. Mwindo, kama wazee wanavyojua, alizaliwa akatembea papo hapo. Watoto wetu si Mwindo. Wao hutembea kwa kujifunza, kila mmoja kwa wakati wake, na hakuna aibu katika kuchelewa. Lakini wazee wale hawakutenganisha wimbo na mwili, nasi hatuna sababu ya kuvitenganisha.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya yote, mwambie binti yako achague nyimbo tano: mmoja wa taratibu wa kuanzia, tatu za katikati, mmoja wa taratibu wa kumalizia. Ziwe za kwaya, ziwe rumba, ni shauri lake. Wewe kazi yako ni kusikiliza kama kasi inamfaa. Wimbo wa mbio mno utamkakamaza na kumvuruga. Wa polepole mno utamlaza. Sauti ipande kidogo kidogo, maana watoto wengi wenye utindio hushtuka mwili mzima wakisikia kishindo cha ghafla.

Wimbo wa kwanza ni wa kupasha mwili joto. Akae kwenye benchi, nyayo zote mbili zikanyage chini. Apige makofi, ainue mikono, ageuze kiwiliwili kulia na kushoto, anyooshe goti moja, kisha lingine.

Wimbo wa pili ndio wenyewe: kuketi na kuinuka. Benchi liwe la kimo cha kumwezesha kuinuka bila kuvutwa. Avute nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainame mbele mpaka pua ivuke vidole vya miguu, kisha ajisukume juu na kunyoosha magoti kadiri awezavyo. Kushuka kuna faida kama kupanda, kwa hiyo ashuke polepole kwa mapigo manne, asijitupe. Aanze na mara 6, apumzike, arudie. Akifika mara 15 bila kuhangaika, tafuteni benchi fupi kidogo.

Wimbo wa tatu, asimame akishika ukuta au meza nzito. Ahamishe uzito mguu huu hadi ule, apige hatua za pembeni kwenda na kurudi, anyanyue visigino akiweza. Hapa rumba ya Kongo inafaa mno, maana inaanza kwa upole na sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, linakuja baadaye. Mashairi yakiimbwa ahamishe uzito. Sebene likiingia apige hatua. Wewe kaa upande wake dhaifu, karibu vya kutosha kumdaka, lakini usimshike kama hajakuomba.

Wimbo wa nne ni wa mkono wa kuume. Tieni maharage katika kopo dogo, mlifunge vizuri, naye alitikise kwa mkono huo, au apige bidoni tupu kwa mikono yote miwili. Mkono wenye nguvu una tabia ya kufanya kazi ya mikono yote miwili. Mdundo unaupa ule mwingine zamu yake.

Wimbo wa tano ni wa kumnyoosha, na hapa ndipo ulipokuwa ugomvi wenu. Alale kifudifudi kwenye mkeka akisikiliza, nyonga zinyooke kwa uzito wake mwenyewe. Kisha akae, mgongo ukutani, miguu imenyooka mbele. Wimbo ukiisha apewe mwingine kama ametulia. Usimkandamize goti wala usilirushe-rushe. Ukiona panahitaji mkono wako, muulize: "Nikusaidie?" Akikataa, acha. Ana miaka 14, mwili ni wake. Avae suruali chini ya kitenge ili asimame na kuinama bila wasiwasi, na anayemsaidia awe mtu aliyemchagua yeye. Binti anayejua kwamba anaweza kusema hapana atakuwa salama hata mahali ambapo wewe hupo.

Mtoto mwingine asiyeweza kusimama kabisa asiachwe nyuma. Karibu yote haya yanafanyika akiwa ameketi na kuegemezwa vizuri: makofi, kopo, kugeuza kiwiliwili, kunyoosha magoti.

Tahadhari ni hizi. Asifanye akiwa na njaa wala homa, na maji yawe karibu. Kama huwa na kifafa, asiache dawa, wala asifanye mazoezi akiwa peke yake. Uchovu wa misuli ni wa kawaida, lakini maumivu yakiendelea zaidi ya kesho yake, mmezidisha. Akiumwa na nyonga, mguu mmoja ukionekana mfupi, goti likivimba, au akipoteza ghafla jambo alilokuwa akiliweza, simamisheni mazoezi, mpelekeni kituo cha afya. Hata sasa, kabla ya kuanza mpango huu, muuguzi wa kituo amtazame.

Njia ikipitika, rudini kwa wataalamu. Goma kuna kituo cha walemavu cha Shirika la Umoja, na Bukavu kuna Heri Kwetu, vituo ambavyo CICR, yaani Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, imevisaidia kwa fimbo, viungo bandia na vifaa vya kushikilia miguu. Mtoto aliyerefuka anahitaji fimbo mpya ya kimo chake na macho ya kine, mtaalamu wa tiba ya viungo, juu ya magoti yale. Muziki wa nyumbani hauchukui nafasi yao. Lakini umeniuliza kama ulimharibu kwa kutokwenda. Mama, barabara hukuifunga wewe. Ulifanya kilichokuwa ndani ya uwezo wako, nacho kilimfikisha kwenye kutembea.

Na kwa kuwa unaishi mahali ambapo familia hulazimika kuhama usiku mmoja, mazoezi haya yana faida nyingine: hayana mashine. Simu ikiisha chaji, wadogo zake wapige bidoni, yeye aimbe. Usiku wenye wasiwasi mwimbe kwa sauti ya chini. Mkilazimika kuondoka, yatakwenda naye, maana anayajua kwa moyo. Ndiyo sababu nyingine ya kumwachia ayaongoze: yasikae kichwani mwako tu.

Baba naye ana kazi. Atengeneze mabenchi mawili imara, moja refu na moja fupi. Achimbie nguzo nne uani na kuzifungia mianzi miwili sambamba, kimo cha kiuno cha binti, ili atembee katikati akishika pande zote mbili. Kila baada ya wiki mbili ahesabu binti ameinuka mara ngapi katika wimbo uleule, na aandike kwa makaa ukutani. Papa, usimlinganishe na mtoto wa jirani. Mlinganishe na namba aliyopata mara iliyopita. Bibi aombwe kuimba. Ukimpa nafasi ndani ya mazoezi, hofu yake itapungua kwa kuona.

Kisha zungumza na kiongozi wa kwaya ile ya jirani. Binti yako anapenda nyimbo zao, basi aketi nao na kupiga kopo au ngoma. Mazoezi ya uani humpa nguvu, lakini mtoto wa umri huu anataka wenzake kuliko anavyotaka misuli.

Usingoje siku atakapotembea kama wengine ndipo useme yamefaa. Baada ya miezi mitatu tazama mambo haya: anainuka kitini bila kuvutwa? Anakwenda chooni bila kumngoja mtu? Anafika chemchemi akiwa na pumzi ya kuzungumza? Anakukumbusha yeye kwamba leo ni Jumatano? Moja tu likiwa ndiyo, kazi inakwenda, ongezeni kidogo. Yote yakiwa hapana, si kosa lake wala lako. Hapo mtafuteni kine, hata kwa simu, abadilishe mpango. Na mwambie binti yako aniandikie yeye mwenyewe safari ijayo, anitajie nyimbo alizochagua.