Dondoo muhimu: Kisu cha kukunja cha kwanza

Kwa anayefanya kazi karibu na maji ya Mbaraki, Mombasa, tazama chuma kabla ya urembo wa mpini. Hewa ya chumvi huleta kutu, na bawaba ndiyo huumia zaidi kwa kuwa haikauki upesi. Pesa zikiwa chache, ningechagua Opinel namba 8 ya Ufaransa: bapa la sentimita 8.5, na pete ya kulikaza iliyobuniwa mwaka 1955. Chukua chenye chapa ya Inox, yaani chuma kisichoshika kutu kwa urahisi. Cha Carbone, yaani chuma cha kaboni, hunoleka vizuri lakini pwani kitakusumbua kwa kutu. Mpini wa mti hufura, usiuloweke.

Dukani, kifungue, kaza pete, tikisa bapa. Likicheza, kirudishe. Kikiguswa na maji ya bahari, kisuuze kwa maji matamu, kikaushe, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye bawaba.