Je, Mtoto Mchanga Ana Kiu?

Mwezi uliopita nalifika Kilwa Masoko kumtazama mama mmoja aliyejifungua. Jua lilikuwa kali, na mtoto alikuwa na umri wa miezi miwili. Nikamkuta bibi wa mtoto ameshika kikombe na kijiko, na mkaza mwanawe amemkumbatia mtoto, hataki kumtoa. Bibi akaniambia, “Baba Mchungaji, mwambie binti huyu. Sisi wenyewe twanywa maji tangu asubuhi, naye amnyima mtoto hata tone. Je, huu si ukatili?” Mwalimu wa mtaa aliyefuatana nami akanitazama, nami nikatambua ya kuwa swali hili atalikuta tena nikisha ondoka. Kwa hiyo naliandika hapa.

Bibi yule hakusema kwa ubaya. Lakini maziwa ya mama yakigawanywa sehemu 100, sehemu 87 au 88 ni maji. Mtoto anyonyaye kila atakapo hula na kunywa kwa pamoja, hata katika joto la pwani yetu. Atakaye ushahidi na azitazame nepi: mtoto akikojoa mara sita au zaidi mchana na usiku, na mkojo usiwe wa manjano iliyokolea, basi hana kiu. Tena tumbo lake ni dogo. Likijazwa maji, atanyonya kidogo, na titi lisilonyonywa hupunguza maziwa. Na maji ya kisima, ambayo sisi tumeyazoea, huweza kumharisha yeye.

Mimi nalijifunza hayo kwa uchungu. Mtoto wetu wa kwanza alipewa maji ya sukari akiwa na wiki tano, nami nalikuwa nimeketi papo hapo, nikiona ni jambo jema. Siku ya tatu alikuwa akiharisha, macho yameingia ndani, na titi hakulitaka. Tulimkimbiza hospitali usiku. Alipona, lakini tangu siku ile siwezi kuona kijiko kinywani mwa mtoto mchanga pasipo kuuliza kuna nini ndani yake.

Wala tusiwaite wazee waongo. Zamani hata waganga walishauri vyakula vianze kati ya mwezi wa nne na wa sita. Tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lashauri maziwa ya mama peke yake hata miezi 6 itimie, kisha vyakula pamoja na kunyonya hata miaka 2 na zaidi. Na kliniki zetu za Tanzania zafundisha vivyo hivyo. Dawa iliyoamriwa na zahanati, kama maji ya chumvi ya mwenye kuharisha, ni jambo jingine. Hupewa kama walivyoagiza. Lakini dawa ya mchango, mizizi iliyochemshwa, na chupa za matone ya tumbo zinazouzwa dukani, zisipite midomoni mwake pasipo kumwuliza muuguzi.

Miezi 6 ikitimia, maji yaliyochemshwa na kupozwa yaanze kwa mafunda machache, katika kikombe safi kisicho na mdomo wa kunyonywa, maana chupa ya kunyonyea ni ngumu kuosha. Kitu kipya kiwe kimoja tu, kidogo, asubuhi, baada ya kunyonya. Kisha ungojee siku mbili tatu. Ukiona vipele, kutapika au kuharisha, utajua kilicholeta. Midomo au uso ukivimba, au akipumua kwa shida, usingoje hata saa moja, nenda zahanati.

Asali asipewe kabla ya mwaka mmoja, maana huweza kuwa na vijidudu viletavyo sumu ilegezayo viungo na pumzi. Maziwa ya ng'ombe au ya mbuzi yasishike mahali pa titi katika mwaka huo wa kwanza. Chai ya rangi huzuia chuma kisiingie mwilini, na akiba ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto yapungua karibu na mwezi wa sita. Kwa sababu hiyo uji wa mhogo mtupu, ijapokuwa washibisha, hautoshi. Utiwe dagaa waliotwangwa laini, au mbaazi zilizopondwa.

Vitamini A hutolewa kliniki mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba: vipimo 100,000 kwa mtoto wa miezi 6 hata 11, na 200,000 kuanzia mwaka mmoja. Kadi iandikwe, kwa kuwa ikizidi yadhuru.

Bibi alisikiliza yote, kisha akauliza, “Na dafu je?” Nikamwambia, nalo lingoje, kisha ni funda tu. Akahesabu kwa vidole miezi minne iliyobaki, akakiosha kijiko, akakiweka juu ya kabati.