Ndege wa Uani na Chakula Wapewacho

Nchi ya Kenya ina namna za ndege zaidi ya 1,000, na wengi wao huishi karibu na nyumba za watu. Walakini watu wengi hudhani kwamba kutazama ndege ni kazi ya mtaalamu mwenye darubini, au ya mgeni aliyekwenda mbugani. Sivyo. Mtu aketiye barazani kwake asubuhi, kabla jua halijawa kali, aweza kuona katika nusu saa mambo ambayo hakuyaona miaka mingi, ingawa yalikuwa mbele ya macho yake. Huko Nairobi, tangu mwaka 1971, watu hukutana kwenye Jumba la Makumbusho siku ya Jumatano asubuhi ili watembee pamoja kutazama ndege, na asiyejua jina hata la ndege mmoja hupokewa vema.

Yafaa kuanza na mdomo. Shomoro na mnana wana midomo mifupi, minene, ya kuvunjia nafaka. Chozi ana mdomo mrefu, mwembamba, uliopinda, wa kunyonya maji matamu ya maua. Shorewanda, yule mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, hula matunda na wadudu. Ajuaye hayo hatashangaa kwamba alimwaga mtama na chozi hakuja.

Basi chakula ndicho kichaguacho mgeni. Konzi moja ya mtama, wimbi au chenga za mchele, ikiwekwa juu ya kibao kilichoinuliwa kimo cha kifua cha mtu, huwaleta shomoro, mnana na tetere. Kipande cha papai bivu kikichomekwa kwenye kijiti humleta shorewanda, na pengine kuzumburu mwenye mkia mrefu. Wakati wa kiangazi maji hupendwa kuliko chakula. Chombo kiwe kipana, maji yasizidi kina cha vidole viwili, na ndani yake liwekwe jiwe la kusimamia ndege mdogo. Maji hayo yabadilishwe kila siku, maana mbu naye hutafuta maji yaliyotulia apate kutaga.

Wako watu wenye huruma ambao humwaga uani makombo yote ya jikoni: ugali, mifupa, vichwa vya samaki. Katika miji ya pwani hasara yake ni kubwa, kwa sababu makombo humwita kunguru wa India, yule mwenye shingo ya kijivu. Ndege huyo si wa Afrika. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale takataka za mji. Mwaka 1947 alionekana Mombasa, na tangu hapo ameenea pwani na kuingia bara. Hula mayai na makinda ya ndege wadogo, hunyakua vifaranga vya kuku, na huwafukuza hata ndege waliomzidi ukubwa. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru hao milioni moja. Kwa hiyo mwenye kumwaga makombo humlisha adui wa mnana waliojenga juu ya mnazi wake mwenyewe. Kunguru mwenye kifua cheupe asichanganywe na huyo. Yeye ni mwenyeji, ingawa naye akiona yai haliachi.

Tena nafaka iliyoota ukungu isitolewe kwa ndege kwa kuwa imekataliwa na watu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Sumu hiyo, iitwayo aflatoksini, ndiyo iliyowaua watu 125 katika sehemu za mashariki ya Kenya mwaka 2004, waliokula mahindi yaliyoharibika. Kibao nacho kisuguliwe mara kwa mara, na kisiwe karibu na banda la kuku, kwa maana kinyesi hupeleka magonjwa huku na huko. Mwenye shamba la mtama lililo karibu kuiva ni heri asiweke kibao kabisa.

Wala chakula kisiwe kingi; kiwe cha kwisha kabla ya adhuhuri. Mnana mwenyewe, ingawa hupenda nafaka, huwatafutia makinda yake wadudu. Mvua zikianza, dume huchana majani mabichi marefu, akafunga pete kwenye tawi, akasimama ndani yake na kusuka kuta mpaka kiota kimekamilika. Kisha huning'inia chini yake akipigapiga mabawa, ili majike wamwone. Jike akija huingia, akavutavuta majani kwa mdomo kujaribu uimara wake. Kiota kisipopata jike mpaka kikakauka na kupoteza rangi yake ya kijani, dume hukibomoa mwenyewe, akaanza kingine pale pale.