Bei ya mahindi: uulize akili unde au usome jedwali?

Siku hizi mkulima anaweza kuiuliza ChatGPT na programu nyingine za akili unde bei ya mahindi kabla ya kuelewana na dalali. Jibu huja upesi, tena kwa Kiswahili safi. Litazame vizuri: ni bei ya soko gani, na ya tarehe ipi?

Programu hizi haziendi sokoni. Hukueleza zilichosoma kwingine, na huenda kikawa cha msimu uliopita. Ndiyo maana tovuti za kulinganisha bei bado zina kazi. KAMIS, ya Wizara ya Kilimo, huonyesha bei kwa jina la soko, kaunti na tarehe, ya jumla kando na ya rejareja. Wewe mwenye magunia soma ya jumla. Soko ambalo tarehe yake ni ya zamani liruke.

Hesabu ndiyo uiachie akili unde. Tuseme soko la mbali linalipa shilingi 300 zaidi kwa gunia la kilo 90, nawe una magunia 10. Ziada ni shilingi 3,000. Pikapu ikidai 3,500, afadhali uuze karibu. Iandikie bei ulizosoma, nauli na ushuru wa mazao, ikukokotolee.

Kabla ya kupakia, piga simu huko uulize kama gunia hupimwa kwa mizani. Wakitaka lumbesa, hesabu yote inabadilika.