Gati la Kasenyi

Watoto wengi wa Bunia hawajaona bahari. Bahari ya Hindi iko mbali upande wa mashariki, na Atlantiki iko mbali zaidi upande wa magharibi. Lakini mtoto akishuka mpaka Kasenyi, kilometa 50 hivi kutoka mjini, atasimama mbele ya maji mengi sana. Ng'ambo ataona milima kama wingu la buluu. Siku nyingine hataona kitu. Hilo ndilo Ziwa Albert. Wanyoro wa Uganda huliita Mwitanzige, maana yake Muua Nzige, kwa kuwa nzige waliojaribu kulivuka walichoka wakaanguka majini.

Njia ya kwenda huko hupita Bogoro, kisha nchi hukatika ghafula. Bunia iko juu, karibu meta 1,270 kutoka usawa wa bahari. Ziwa liko kwenye meta 620 tu. Basi gari hushuka polepole, kona baada ya kona, na joto huzidi. Aliyevaa sweta asubuhi mjini huivua kabla ya kufika chini.

Siku hizi mgeni wa Kasenyi huona kwanza wavuvi, mitumbwi, nyavu na samaki. Sangara, ambaye huku huitwa kapiteni, hupandishwa Bunia akauzwa sokoni. Lakini zamani za Wabelgiji hapa palikuwa mlango wa nchi, na meli kubwa ilifunga gatini.

Gati ni kama daraja lisilofika ng'ambo. Mtumbwi waweza kufika mpaka mchangani, na watu wakashuka na kulowa miguu tu. Meli haiwezi, kwa maana sehemu ya mwili wake imo chini ya maji. Ikikaribia mno hukwama. Ziwa Albert lenyewe halina kina kikubwa. Penye kina kuliko pote ni meta 58 hivi, hali Ziwa Tanganyika hupita meta 1,400. Tena upande wa kusini mto Semliki huleta matope kila siku. Kwa hiyo watu hujenga gati kutoka ukingoni mpaka penye maji ya kutosha. Meli huja ubavuni mwake, hufungwa kwa kamba nene, na wachukuzi hupita na mizigo mabegani bila kulowa.

Meli iliyojulikana zaidi ziwani iliitwa Robert Coryndon, kwa jina la gavana mmoja wa Uganda. Iliundwa Uingereza mwaka 1929. Lakini meli haiwezi kupanda kutoka baharini mpaka Ziwa Albert! Basi ililetwa vipande vipande, mafundi wakaiunganisha Butiaba, upande wa Uganda, ikaanza kazi mwaka 1930.

Tazama ramani, ufuate kwa kidole njia ya mzigo uliotoka Mombasa. Gari moshi liliuchukua mpaka Namasagali, katika Uganda. Hapo ulipakiwa katika meli ya Ziwa Kyoga mpaka Masindi Port. Kisha lori likauchukua mpaka Butiaba, na Robert Coryndon ikauvusha mpaka Kasenyi. Hapo ulipanda milima mpaka Bunia, na mwingine uliendelea mpaka Stanleyville, mji unaoitwa leo Kisangani. Mara ngapi mzigo ule ulishushwa na kupakiwa tena! Kila mara ni migongo ya watu iliyofanya kazi hiyo, na majina yao hayakuandikwa ubavuni mwa meli yoyote.

Kisha shida zikaja. Baada ya uhuru wa Kongo, mwaka 1960, fujo nchini zilipunguza biashara. Mwishoni mwa mwaka 1961 mvua kubwa mno zikanyesha Afrika ya Mashariki. Ziwa Victoria likapanda zaidi ya meta 2 katika miaka michache. Mto Nile hutoka katika ziwa hilo na kuingia Ziwa Albert, basi Ziwa Albert nalo likajaa. Bandari ya Butiaba ikafunikwa na maji, na Robert Coryndon ikazama hapo hapo. Ilikaa miaka mingi ikiliwa na kutu, mpaka watu wakaikatakata na kuuza chuma chake.

Hivyo Kasenyi ilipoteza meli yake kwa maji yaliyoharibu gati la wenzao. Hata kama gati la huku lingebaki zima, meli ingefunga wapi ng'ambo? Mwaka 2020 ziwa lilipanda tena, likaingia katika nyumba za watu ukingoni.

Lakini watu hawakuacha kuvuka. Mwanzoni mwa mwaka 2018, vita vilipowaka Djugu, makumi ya maelfu walikimbilia Uganda. Wengi walipanda mitumbwi ya wavuvi kutoka vijiji vya ukingoni kama Tchomia na Joo. Hapakuwa na gati. Mama aliingia majini na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Mitumbwi ilijaa kupita kiasi, na wengine walizama. Waliofika walishuka Sebagoro, wengi mikono mitupu.

Siku za amani mashua huenda Ntoroko, Uganda, na kurudi Kasenyi na abiria na bidhaa. Msafiri anayeshuka Ntoroko husogeza saa yake mbele kwa saa moja, na akipanda gari huona kwamba madereva wanapita upande wa kushoto.

Maswali. Kwa nini meli haiwezi kufika mchangani kama mtumbwi? Mvua ya Ziwa Victoria iliharibuje bandari ya Ziwa Albert? Ikiwa ni saa nne asubuhi Kasenyi, ni saa ngapi Ntoroko?