Zana Ishikwe na Mwanafunzi: Maelezo kwa Walimu wa Kiswahili kwa Wageni

Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka uliofuata Umoja wa Afrika ukakipitisha Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi za kazi. Wageni wanaotaka kujifunza wapo, na vitabu vipo. Hata hivyo, malalamiko yanayoifikia ofisi hii yanafanana: mwanafunzi amemaliza ngazi ya kwanza, ngeli anazipanga vizuri kwenye karatasi, lakini akifika sokoni anakwama kwenye bei ya fungu la nyanya. Tunasema bila kuzunguka kwamba zana za kufundishia hubaki mkononi mwa mwalimu tangu kipindi kinapoanza hadi kinapokwisha, na hapo ndipo somo linapoharibika.

Tazameni mfano wa saa ya ukutani. Mwalimu akiinyanyua, akauliza ni saa ngapi, darasa zima likaitikia, hapo hakuna mazungumzo, kwa sababu kila mtu anaiona saa na hakuna anayehitaji kuambiwa. Mgeni aliyezoea kuhesabu saa kuanzia usiku wa manane, akiona mshale mfupi kwenye saba, atasema saa saba. Kwetu saa za mchana huhesabiwa tangu macheo, kwa hiyo hiyo ni saa moja asubuhi. Tofauti hiyo ya saa sita haiingii kichwani kwa kuitikia. Mmoja apewe saa iliyotengenezwa kwa boksi aifiche, mwenzake ashike ratiba ya basi, kisha wapatane muda wa kukutana kituoni. Akikosea, basi litamwacha mwenzake, naye ataligundua kosa lake palepale. Upatanisho wa kisarufi hujengeka hivyohivyo: anayetaka kikombe hiki na si hivi viwili, itambidi aseme “hiki” ndipo apewe.

Wapo wanaosema mtu mzima haoni raha kuchezea zana za maboksi na vizibo vya soda. Mtu mzima huyohuyo ndiye atakayepanda daladala kesho na kudai chenji yake. Hoja nzito zaidi ni kwamba mwanafunzi akiachiwa azungumze mapema, makosa yatamganda. Hoja hiyo tunaiheshimu, na jibu lake ni mpangilio: aufikishe ujumbe kwanza, asahihishwe baadaye. Anayekatizwa kila neno huishia kunyamaza, na mwalimu hubaki hana la kusahihisha. Tunaonya pia: chati iliyotundikwa mwaka mzima bila kuguswa ni pambo.

Mafunzo ya kutengeneza zana hutolewa kwa walimu wa ngazi ya kwanza. Masharti ya kujiunga yapo kwenye fomu ya maombi, yasomeni. Mkaguzi wetu akiingia darasani ataangalia kwanza zana imeshikwa na nani.